Kuku wa uani: mtaji ni kifaranga anayevuka wiki ya nane

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, na hesabu hiyo humvunja moyo mfugaji mpya akisikia kwamba kuku wa mayai wa kisasa hufikisha karibu 300. Lakini mtetea wa kienyeji ana kazi tatu: kutaga, kuatamia na kulea. Hutaga mkupuo wa mayai 10 hadi 15, huyaatamia kwa siku 21, kisha hutembea na vifaranga wake miezi miwili au mitatu kabla ya kuwafukuza na kurudi kutaga. Mzunguko mzima ni kama miezi minne, hivyo mama mmoja hupata mizunguko mitatu kwa mwaka. Akiangua vifaranga 10 kila mzunguko, uani pangeonekana kuku wapya 30 kutoka kwa mtetea mmoja. Ni vigumu kuukuta ua wa namna hiyo, iwe Mbagala au Kisauni. Vifaranga huanguliwa wengi, hukua wachache. Kwa kuku wanaoachiwa wajitafutie, mara nyingi nusu ya vifaranga au zaidi hupotea kabla ya wiki ya nane. Mengi anayopaswa kuyajua mfugaji mpya yanahusu namna ya kuziba tundu hilo.

Matembe watano au sita na jogoo mmoja wanatosha kwa kuanzia. Kundi dogo humpa mfugaji nafasi ya kumjua kila kuku kwa sura na tabia: nani anaatamia vizuri, nani anavunja mayai, nani amezubaa tangu asubuhi. Jogoo mmoja huhudumia mitetea minane hadi kumi, na mwenye kutaka mayai ya kula tu hahitaji jogoo kabisa, kwa kuwa mtetea hutaga hata bila yeye, ila mayai hayo hayaanguliki. Penye nyumba zilizobanana hilo si jambo dogo. Methali inadai jogoo la shamba haliwiki mjini. Majirani wa uswahilini wanaoamshwa saa tisa usiku wana ushahidi mwingine.

Jina “kienyeji” limebeba kuku wa aina nyingi. Kuchi ni mrefu, mzito, mwenye miguu minene na umbo la kuku wa kupigana wa Asia. Jogoo wake hupata bei nzuri, lakini mtetea hutaga kwa uchache na majogoo wawili hawakai ua mmoja kwa amani. Kishingo, asiye na manyoya shingoni, hustahimili joto la Pwani kuliko wenzake. Bukini hana mkia. Ching’wekwe, anayejulikana zaidi Morogoro, ana umbo dogo na hula kidogo. Kwa mtu anayeanza, mtetea wa kawaida wa umbo la kati, mwenye sifa ya kuatamia na kulea, ana faida kuliko kuku yeyote wa kujivunia. Chotara kama Sasso mwenye asili ya Ufaransa na Kuroiler mwenye asili ya India hukua haraka na hutaga mara mbili au tatu zaidi ya wa kienyeji wakilishwa vizuri. Wanakula sawasawa na wanavyokua, hawaatamii kwa kutegemewa, na watoto wao hawalingani na wazazi. Anayewafuga hulazimika kurudi kwa muuza vifaranga kila anapotaka kundi jipya, na gharama hiyo inafaa iingizwe kwenye daftari kabla ya kreti la kwanza kununuliwa.

Kuku wa kununua huchunguzwa mchana, akiwa anatembea. Macho yawe maangavu na makavu, pua zisitoe kamasi, manyoya ya nyuma yasigande kinyesi, magamba ya miguu yawe laini na kipi kifupi, kwani kipi kirefu ni cheti cha uzee. Kifua kikishikwa, mfupa wake usiwe mkali kama kisu. Muuzaji aulizwe kuku walichanjwa lini na kwa ugonjwa gani. Jibu la “hawa hawaumwi” si jibu. Kuku wa mnadani ndio hatari zaidi, kwa sababu ugonjwa ukiingia kijijini wengi hukimbilia kuuza kabla hawajafa, na soko likawa njia ya kuusambaza. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ile ilikusudiwa asitoroke, lakini inafanya na kazi nyingine: humtenga na wenyeji. Wiki mbili za kukaa peke yake, kwa chombo chake cha maji na cha chakula, huonyesha kama mgeni amekuja na ugonjwa.

Banda la usiku halihitaji ufahari. Mita moja ya mraba huwatosha kuku watano, kwa hiyo chumba cha mita mbili kwa mbili hulaza 20. Upande mrefu huelekezwa mashariki hadi magharibi ili jua lisipenye ukutani siku nzima, na sehemu ya juu ya kuta ndefu huwekwa wavu hewa ipite. Wavu wa matundu makubwa humzuia kuku kutoka lakini haumzuii panya wala nyoka kuingia. Wa nusu inchi ni ghali kidogo na hulipa. Kuku hupenda kulala juu, hivyo vichanja vya miti iliyolainishwa huwekwa kiasi cha sentimita 20 kwa kila mmoja. Viota viwe mahali penye giza, kimoja kwa mitetea minne au mitano, vya sentimita 30 kila upande, na vikae chini ya kimo cha vichanja, la sivyo kuku watalala humo na kuvichafua. Sakafu hutandikwa maranda au makapi ya mpunga. Anayetaka kujua kama matandiko yamechoka achuchumae humo alfajiri, pua ikiwa katika kimo cha kuku: macho yakiwasha kwa harufu ya mkojo, kuku walishaumia zamani. Mlango uwe na kufuli, kwa kuwa adui mwingine wa kuku hutembea kwa miguu miwili.

Kuhusu chakula, kosa la kawaida ni kudhani kuku wa kienyeji hujitafutia kila kitu. Aliyeachiwa shamba lenye majani, wadudu na mbegu hukaribia kujitosheleza wakati wa mvua. Aliye kwenye ua wa sementi anapekua vumbi tu. Kuku mkubwa anahitaji gramu 100 hadi 120 za chakula kwa siku, na anayetembea vizuri huongezewa kama gramu 50, kiasi cha kujaza kiganja. Pumba za mahindi peke yake humshibisha bila kumjenga. Mchanganyiko rahisi wa kilo 10 unaweza kuwa na kilo sita na nusu za pumba na mahindi ya kuparaza, kilo mbili za mashudu ya alizeti, kilo moja ya dagaa waliosagwa, nusu kilo ya chokaa na unga wa mifupa, na chumvi kidogo sana. Dagaa ndio kiini cha mchanganyiko huo na ndio wanaochakachuliwa zaidi. Konzi moja ikitiwa kwenye bilauri ya maji hutoa siri yake: mchanga hutua chini, samaki huelea au hukaa katikati. Mahindi yenye ukungu, hata yakipewa kuku kwa kuonewa huruma kuliko kutupwa, hubeba sumukuvu, na sumu hiyo hudumaza vifaranga na kuharibu maini yao.

Protini ya bure ipo kwa anayeitafuta. Chungu au debe hujazwa mabua na samadi kavu ya ng’ombe, hunyunyiziwa maji, kisha hufunikwa jioni juu ya njia ya mchwa. Asubuhi huwa kimejaa, na vifaranga hawahitaji kuitwa mara mbili. Mchicha, majani ya mlonge na ya lusina hutoa vitamini. Pwani, machicha ya nazi huliwa vizuri yakiwa mabichi ya siku hiyohiyo. Mtetea anayetaga huongezewa chokaa, na maganda ya mayai yanafaa kwa kazi hiyo yakikaangwa na kupondwa hadi yasifanane tena na yai. Akilitambua ganda, ataanza kula mayai yake mwenyewe, na tabia hiyo haina dawa zaidi ya kisu. Maji safi yawepo kutwa kivulini. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, na siku ya joto kali hunywa zaidi.

Kazi ya kuongeza kundi huanzia kwenye yai. Mayai ya kuangulishwa hukusanywa kila siku, huandikwa tarehe kwa penseli na kuhifadhiwa mahali pa baridi, ncha iliyochongoka ikiwa chini, kwa muda usiozidi siku 10. Hayaoshwi, maana maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya. Mtetea akianza kung’ang’ania kiota, kuvimbisha manyoya na kutoa sauti ile ya kipekee, huwekewa mayai 10 hadi 13 usiku, kwani gizani hazui fujo. Kiota hunyunyiziwa majivu au huwekewa majani makavu ya tumbaku chini ya nyasi. Utitiri humtesa kuku anayeatamia hadi akaacha mayai yapoe. Siku ya saba kila yai humulikwa kwa tochi kwenye chumba chenye giza. Lililo hai huonyesha mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui, na lisilo na kitu hubaki jeupe na huondolewa kabla halijawa viza. Chakula na maji ya mtetea viwe hatua chache tu kutoka kwenye kiota, kwa sababu hutoka mara moja kwa siku na wengine hurudi na njaa kuliko kuyaacha mayai.

Baada ya siku ya 21 ndipo tundu lile la mwanzo hufunguka. Kifaranga hutoka na akiba ya kiini tumboni inayomtosha siku mbili hivi. Baada ya hapo anahitaji vitu vitatu kwa wakati mmoja, joto, chakula chenye protini nyingi na ulinzi, na mama anayetembea naye uani humpa cha kwanza tu kwa uhakika. Mwewe hushuka mchana. Nguchiro huja asubuhi, kicheche usiku, kenge hupita mabondeni, na paka wa jirani hahitaji saa maalumu. Pwani kuna kunguru wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka. Siku hizi wamejaa Dar es Salaam na Mombasa, nao hunyakua vifaranga wa siku moja mbele ya mwenye nyumba. Baadhi ya wafugaji huwapaka vifaranga rangi ya zambarau wakiamini huwachanganya ndege hao. Dawa iliyothibitika ni ya zamani na haina mbwembwe, nayo ni tenga. Mama na watoto hukaa ndani ya tenga kubwa au chumba chenye wavu juu kwa wiki tatu au nne za mwanzo, wakilishwa humo.

Njia nyingine ni kumpokonya mama malezi. Vifaranga wa mitetea mitatu iliyoatamishwa siku moja huunganishwa na kuwekwa kwenye kinengunengu, uzio wa duara wa maboksi au mabati wenye chanzo cha joto katikati. Duara lina sababu: kwenye pembe vifaranga hurundikana na kukosa pumzi. Upana wa mita moja na nusu huwatosha vifaranga 80 kwa wiki ya kwanza, kisha uzio hupanuliwa kila wiki. Joto la wiki ya kwanza huwa nyuzi 32 hadi 35, halafu hupunguzwa nyuzi tatu hivi kila wiki hadi lilingane na la nje. Asiye na kipimajoto huwasoma vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya taa na kulia, wanaona baridi. Wakiikimbia na kuhema midomo wazi, limezidi. Wakitawanyika wakila na kulala ovyo, liko sawa. Jiko la mkaa hufaa palipokosa umeme, mradi hewa ipite, kwa kuwa hewa ya mkaa huwaua bila dalili yoyote na inaweza kumuua hata anayelala nao. Sahani za maji huwekewa kokoto wasizame. Magazeti laini hayatandikwi, maana miguu huteleza na kutanuka, na kifaranga wa namna hiyo hasimami tena. Mtetea aliyepokonywa watoto hurudi kutaga baada ya wiki chache, na hapo mizunguko mitatu ya mwaka huweza kufika minne au mitano, ikiwa chakula chake kinaruhusu.

Hayo yote huweza kufutwa na kideri ndani ya juma moja. Ugonjwa huu, unaoitwa pia mdondo, ulitambulika kwa milipuko ya mwaka 1926 huko Java na Newcastle ya Uingereza, mji uliobaki na jina lake katika lugha nyingi. Kiswahili kimeupa nafasi ya pekee: watu wakianguka kwa wingi husemwa wanakufa kama kuku wa mdondo. Kuku huzubaa na kushusha mabawa, huhara kijani, hukoroma, na wengine hupinda shingo kama wanaotazama angani au hupooza mguu. Katika kundi lisilochanjwa, wanaweza kufa karibu wote. Virusi hivyo havina tiba. Shubiri, pilipili na vidonge vya tetrasaiklini vya binadamu vinavyotiwa kwenye maji havivigusi. Vikionekana kuponya, aghalabu kuku alikuwa na ugonjwa mwingine, na hapo ndipo imani hizo hupata mashahidi.

Kinga ni tone. Chanjo ya I-2, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Nchini Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, na huuzwa kwa jina la TEMEVAC. Tone moja huwekwa kwenye jicho, na dozi ni ileile kwa kifaranga na kwa jogoo. Hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne, na kuku wagonjwa hawachanjwi. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo kuchanja siku ambayo jirani ameanza kuzika kuku wake ni kuchelewa. Sehemu nyingi mlipuko huja miezi ya kiangazi kabla ya mvua za vuli, na chanjo inapaswa kutangulia. Chupa moja hutosha kuku mia au zaidi, jambo ambalo kwa mwenye kuku saba huonekana hasara. Likigeuzwa kuwa mchango wa nyumba kumi za mtaa, gharama hushuka hadi chini ya bei ya yai kwa kila kuku, na ugonjwa hukosa mahali pa kujificha. Chanjo za kunyweshwa zina sharti lao: maji ya bomba yenye klorini huziua, ndiyo maana hutumika maji ya kisima au huongezwa maziwa ya unga kidogo kwanza, na kuku huzuiwa kunywa kwa saa moja au mbili ili wamalize haraka.

Magonjwa mengine yanahitaji maneno machache. Vifaranga wa kutotolewa kwa mashine huchanjwa mahepe siku ya kwanza hukohuko wanakotoka, na mnunuzi ana haki ya kuuliza. Kideri huchanjwa siku ya saba na kurudiwa siku ya 21, Gumboro siku ya 14 na ya 28, ndui kati ya wiki ya sita na ya nane kwa kuchomwa kwenye utando wa bawa. Siku saba hadi kumi baadaye hutazamwa kama pana kipele. Pasipo na kipele, chanjo haikushika. Kuhara damu kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita huletwa na koksidia wanaostawi kwenye matandiko yenye unyevu. Amproliamu hutibu, lakini maranda makavu huokoa fedha ya dawa. Viroboto wanaoganda kuzunguka macho na undu hupakwa mafuta ya mgando wakakosa hewa, na banda hunyunyiziwa dawa siku hiyohiyo, kwa sababu mayai na watoto wao wako sakafuni. Minyoo hutibiwa kila miezi mitatu. Dawa yoyote ya antibiotiki huandikwa siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, na maandishi hayo madogo hupuuzwa mno. Vifo vya ghafla vya kuku wengi huripotiwa kwa afisa mifugo wa kata. Mizoga huchomwa au huzikwa chini sana, haiuzwi, hairushwi jalalani.

Kuanzia mwezi wa tano au wa sita kizazi cha kwanza huwa tayari, na mfugaji hupaswa kuchagua. Majogoo wa ziada huuzwa mapema, hasa kuelekea Idi na Krismasi bei inapopanda. Mitetea inayobaki ni ile iliyotoka kwa mama mlezi hodari, na anayemaliza mwaka wa tatu huelekea chunguni kabla hajaanza kula bure. Kinyesi kilichorundikwa hadi kikaoza vizuri hutiwa kwenye tuta la mchicha. Kikiwa kibichi huunguza miche. Jogoo wa kwanza hubadilishwa kabla mabinti zake hawajaanza kutaga, maana kizazi cha baba na binti huzaa vifaranga dhaifu na mayai yasiyoanguliwa. Si lazima anunuliwe: wafugaji wawili wa mitaa iliyo mbali hubadilishana majogoo bila kutoa senti, na kila jogoo mgeni huanza na kamba yake ya wiki mbili.